Pini Saba

Shangazi Mbula alishonea barazani, Igogo,
pale njia inapobanwa na mawe mawili
hata mwenye tenga la dagaa hupita ubavuubavu.
Cherehani yake nyeusi, dhahabu imechubuka,
na midomoni mwake, asubuhi hadi jioni,
pini saba.

Nilizihesabu nikiwa darasa la tatu.
Vichwa nje, ncha ndani,
kama sharubu za kambare.
Watu husema ulimi hauna mfupa.
Wa kwake aliutilia mifupa,
tena ya chuma.

Siku hiyo mke wa Masunga alikuja na gauni,
akalitupa juu ya cherehani, wateja wanaona:
umeniibia kitambaa, mita nzima, mwizi wewe,
ndiyo maana Mungu alikunyima mtoto.

Nilikuwa sakafuni nachambua vifungo.
Nikasimama. Nilikuwa na jibu.
Nilikuwa na majibu matano, yote ya moto;
nilijua hata unga alikopa kwa nani.
Shangazi akanikanyaga kidole cha mguu
bila kunitazama.

Kisha akatoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kimto.
Ya pili.
Ya tatu ilikuwa imepinda, akainyoosha kwa kucha, taratibu.
Yule mama bado anasema.
Ya nne. Ya tano. Maneno yakaanza kumwishia,
akawa anarudia yale yale, sauti imeshuka.
Ya sita.
Ilipofika ya saba baraza lilikuwa kimya
hata nikasikia honi ya meli ya Nansio kule bandarini.
Shangazi akageuza pindo la gauni, akamwonyesha:
"Mita yako hii hapa, nimeikunjia ndani.
Ukinenepa tutaifungua."

Usiku nililia kwa hasira. Nikamwita mwoga.
Hakuacha kuchambua mchele.
"Zamani niliwahi kumjibu mtu, pini zimo mdomoni.
Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, satini nyeupe.
Nikamjibu vizuri sana. Nikamshinda.
Nikatema damu kifuani pa gauni."
Akatupa kokoto nje ya ungo.
"Mita sita nililipa. Jina la niliyemshinda
silikumbuki."

Mimi nilichoelewa ni mita sita tu,
nikaona ni hela nyingi.

Nikakua na mdomo mtupu.
Kwenye matanga ya baba, Magu,
mbele ya wakwe zake waliokaa kwenye mkeka,
nilimwambia kaka yangu Sayi:
unalia nini, hukumletea hata panadoli.
Nilimshinda vizuri sana.
Alikunja koti lake, akavuka kwenda Ukerewe.
Mwaka wa kwanza nilisema atapiga simu.
Wa pili nilisema apige yeye, ndiye mkubwa.
Wa tatu, wa nne, sikusema kitu,
ila si kwa hekima: hakukuwa na wa kumwambia.

Sasa cherehani ninakanyaga mimi.
Shangazi haoni tena tundu la sindano,
analala nyuma ya pazia, anasikiliza mwendo wa gurudumu,
nikikosea uzi anajua.

Juzi, nzi wa ziwani wametanda kama moshi,
watu wote wamejifunga kanga puani,
mtu akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa.
Sayi. Mvi upande mmoja.
Akaangalia mawe, akaangalia bati, akaniangalia.
"Kumbe bado unaishi mapangoni kama pimbi."

Jibu lilikuja. Lilikuja limevaa viatu.
Na mdomoni sina pini hata moja, nimetoka kunywa uji.
Nikagusa jino la kwanza kwa ulimi.
La pili.
La tatu lina tundu, nikakaa hapo kidogo.
Kwenye la tano nikaona mguu wa suruali yake:
kaushona mwenyewe, uzi wa bluu kwenye kitambaa cha kahawia,
mishono mirefu mirefu ya mtu anayeishi peke yake.

"Chukua kikoi hicho," nikasema, "uvue hiyo suruali.
Pindo limefumuka."

Akacheka. Au alikohoa;
nzi walikuwa wengi.